Niru mpya juu ya sakafu ya zamani: itashika au itabanduka?

Swali limetoka kwa msomaji wa Chumbageni, Tanga. Nimelifupisha:

"Shikamoo fundi. Nyumba yetu aliijenga marehemu baba miaka ya 1980. Sakafu ni ya saruji, ilipigwa niru nyekundu, na tangu utoto wetu tumekuwa tukiipaka polishi. Sasa imechakaa. Sebuleni kuna ufa mrefu kutoka mlangoni hadi dirishani, na chumba cha nyuma, kilichopakana na bafu, kinatoa unga mweupe chini ya ukuta. Marumaru sizitaki. Nataka sakafu laini ya kijivu isiyo na viungo, kama ninazoziona kwenye simu. Fundi wangu anasema atapiga niru mpya juu ya hii ya zamani, simenti kaichanganya na gundi nyeupe, siku mbili kazi imekwisha. Je, itashika? Ningependa tumalize kabla ya masika."

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu mzee wako.

Sebule na korido zinaweza kupata sakafu unayoitaka, tena ikakaa miaka mingi. Ila si kwa niru hiyo, wala si kwa siku mbili. Chumba cha nyuma usikiguse kwanza. Nitakueleza sababu ya kila moja, kwa sababu ukishaielewa sababu utaweza kusimama na fundi wako mkazungumza kazi bila kugombana.

Sitaki umwone fundi wako kama mtu wa kukudanganya. Niru, ule uji wa simenti unaosuguliwa juu ya sakafu, ni kazi ya haki, na ile ya baba yako imedumu karibu miaka 40. Lakini kumbuka ilivyopigwa. Siku ile mchanga na saruji vilivutwa kwa rula asubuhi, na kabla sakafu haijakauka fundi akaja na uji wa simenti uliotiwa rangi nyekundu, akausugua kwa mwiko wa chuma. Ilikuwa mbichi juu ya mbichi. Tabaka la juu na la chini vilikomaa pamoja, vikawa kitu kimoja.

Leo sakafu ile ni kavu, ngumu na ina kiu. Ukimwaga juu yake uji wa simenti wa unene wa ukucha, yanatokea mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, sakafu ya chini inafyonza maji na upepo wa juu unayachukua yaliyobaki. Saruji haikomai kwa kukauka, inakomaa kwa kunywa maji, na tabaka la milimita 2 likipoteza maji yake ndani ya saa moja linabaki unga ulioshikana kidogo tu. La pili, simenti tupu inaponyauka husinyaa. Zege la inchi nne lina nguvu ya kuvumilia kusinyaa kwake, utando mwembamba hauna. Unavutika, unapasuka vipande kama tope la bwawa lililokauka, kisha kila kipande kinanyanyua pembe zake.

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi nzima. Tabaka jembamba halina nguvu yake lenyewe. Nguvu yote iko kwenye mshiko wake na sakafu iliyo chini. Kwa hiyo muda mwingi na fedha nyingi zitakwenda kwenye kitu ambacho mgeni wako hatakiona.

Sasa hiyo gundi nyeupe. Fundi wako ana wazo sahihi, ila dawa siyo yenyewe. Simenti ya tabaka jembamba inahitaji polima, yaani chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea kwenye maji. Maji yanapopungua chembe hizo hushikana zikawa utando ndani ya saruji: zinazuia maji yasikimbie haraka, zinalipatia tabaka unyumbufu kidogo, na zinaling'ang'aniza chini. Gundi nyeupe ya seremala nayo ni polima, lakini ni ya aina inayolainika tena ikilowa. Kwenye kabati haina neno. Kwenye sakafu inayodekiwa kila asubuhi, katika mji wenye unyevunyevu kama Tanga, itakuwa inalainika na kukauka, inalainika na kukauka, mpaka iachie. Unachotaka ni lateksi ya ujenzi, ile dawa nyeupe kama maziwa iliyoandikwa SBR kwenye galoni, au ya akriliki. Zikishakauka hizo hazirudi kuwa gundi hata ukizideki.

Kabla ya kununua chochote, ichunguze sakafu. Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe jioni moja.

Chukua kipande cha nondo au nyundo ndogo, tembea sebule nzima ukigonga kila baada ya shubiri mbili. Nyumba nyingi za rika hilo zina jamvi la zege chini, halafu juu yake sakafu ya mchanga na saruji ya inchi moja na nusu hivi, na mara nyingi vitu hivyo viwili viliachana zamani bila mtu kujua. Palipo pazima patalia mlio mkavu wa jiwe. Palipoachana patalia kama chungu kitupu. Zungushia chaki kila mahali palipolia hivyo. Ukikuta ni madoa mawili matatu, yatabomolewa na kuzibwa. Ukikuta theluthi ya chumba inalia chungu, acha habari ya tabaka jembamba. Vunja sakafu hiyo, vuta nyingine juu ya jamvi, na hapo fundi wako apige niru yake mbichi juu ya mbichi kwa moyo mweupe. Itakuwa kazi nzuri kuliko ninayokuelekeza hapa.

Halafu nyunyiza matone ya maji hapa na pale. Yakizama na kuacha doa jeusi ndani ya dakika moja au mbili, sakafu iko wazi. Yakikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, kuna kitu kimeziba vinyweleo. Kwako yatakaa, nakuhakikishia, kwa sababu ya polishi. Polishi ni nta, na miaka 40 ya nta haiko juu tu, imezama.

Hili nalijua kwa uchungu. Miaka mingi nyuma nilifanya ukumbi wa familia moja hapa hapa mjini, sakafu nyekundu kama yako. Tulisugua kwa sabuni na fagio la chelewa, ikaonekana safi, tukaridhika, tukapaka. Ilipendeza mno. Baada ya mwezi mmoja mama mwenye nyumba akaniita: mguu wa meza ulikuwa umebandua kipande, na chini yake ule wekundu ulikuwa unang'aa vilevile, hata alama ya saruji hakuna. Tulikibandua chote kwa skrepa kama magamba ya samaki. Nilirudia kazi ile kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo sikubali sakafu ya polishi bila mashine.

Jaribio la tatu ni la unyevu. Kata kipande cha nailoni nene cha sentimita 45 kwa 45, kibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne pasipite hewa, kiache usiku kucha hadi kesho yake mchana, angalau saa 16. Ukikifunua ukakuta matone upande wa chini, au sakafu imebadilika rangi, unyevu unapanda kutoka ardhini. Weka vipande vitatu vinne: katikati ya sebule, karibu na ukuta wa nje, na kwenye korido.

Lakini nailoni inaweza kukudanganya kwa kukupa jibu la leo tu. Unaniandikia wakati wa kaskazi, ardhi imekauka, na hapa kwetu karibu na bahari maji ya chini hupanda masika yakikolea mwezi wa nne na wa tano. Sakafu inayopita mtihani wa Januari inaweza kuanguka Mei. Kwa hiyo uliza pia wenyeji wa nyumba. Masika yaliyopita mkeka uliotandikwa sebuleni ulipata ukungu chini? Kabati liliota fangasi? Rangi ya ukuta inamenyuka shubiri moja kutoka chini? Kama majibu ni hapana, na nailoni imetoka kavu, sebule yako ni salama. Sikusomi ukisema sebule ina dalili hizo, kwa hiyo naendelea nikichukulia ni kavu.

Chumba cha nyuma kimeshajieleza chenyewe. Unga mweupe ule ni chumvi na chokaa vinavyobebwa na maji: maji yanapita kwenye saruji, yanayeyusha, yanatoka hewani yanakauka, yanaacha mzigo wake juu. Huko yanakotoka maji kunaweza kuwa mahali pawili, bomba la bafu au ardhi. Ukifunika kwa tabaka jembamba na kulipaka dawa ya kung'arisha isiyopitisha hewa, maji hayatakoma. Yatajikusanya chini ya utando na kuusukuma, na chumvi ikikaukia ndani ya vinyweleo hukua na kupasua. Nimeona sakafu zilizotoka malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Chumba hicho nitakirudia mwishoni.

Basi tuseme sebule na korido vimefaulu.

Kitu cha kukodi ni grainda yenye sahani ya almasi, ile inayosaga zege. Mtu atakuambia umwage asidi itakayochubua sakafu kwa nusu saa. Usikubali. Kwanza asidi haili nta, itapita juu yake. Pili ile ya chumvi inaacha kloridi ndani ya saruji, na sisi wa pwani chumvi tunayo ya kutosha. Saga mpaka wekundu wote utoke na uone punje za mchanga zimechomoza. Ukipitisha kiganja kiwe kinakwaruzwa kama umeshika msasa mkavu namba 80. Ukikuta sehemu inasagika kirahisi kama biskuti, endelea mpaka ufike palipo pagumu. Kisha rudia matone ya maji. Yakizama kila mahali, hapo ndipo kazi inaanza.

Vumbi hilo, mwanangu, ni la hatari. Lina silika, na silika inaua mapafu taratibu bila kurudi. Leso puani haitoshi. Mnunulie fundi barakoa ya vumbi ya kweli, yenye kichujio, na kama mashine ina sehemu ya kufungia mpira wa kufyonzea vumbi itumike. Watoto na wazee wahame siku hiyo, milango ya vyumba vingine izibwe kwa magunia mabichi. Kusafisha baadaye kusifanywe kwa fagio kavu. Fyonza kwa mashine, kisha osha na ukaushe.

Ufa wa sebuleni unahitaji kujulikana tabia yake. Kuna ufa uliolala na ufa ulio macho. Chora mistari miwili mitatu ya penseli inayokatiza ufa, andika tarehe, pima upana wake, rudi baada ya wiki tatu. Kama miaka yote umekuwa mwembamba kama uzi na pande zake mbili ziko usawa mmoja, huo umelala. Upanue kwa grainda uwe kama herufi V, kina cha nusu sentimita hivi, utoe vumbi lote, ujaze epoksi, ile gundi ngumu ya vifurushi viwili vinavyochanganywa, na ikiwa bado mbichi unyunyizie mchanga mkavu ili tabaka linalofuata lipate pa kushika. Kama upande mmoja umeshuka, au upana unabadilika kati ya kiangazi na mvua, hakuna dawa ya juu itakayouficha. Utatokeza tena mahali pale pale. Watu wengine huamua kuukata ukawa mstari ulionyooka, wakaujaza mpira laini wa rangi ya sakafu na kuuhesabu kuwa sehemu ya pambo. Mimi huona ni uamuzi wa busara kuliko kupigana nao kila mwaka.

Malighafi. Saruji unayo jirani, kiwanda kipo Pongwe. Lililo muhimu ni mfuko uwe mpya na usiwe na madonge. Mchanga uwe wa mtoni, wa pwani usikaribie, hata akikuapia mwenye gari kwamba umeoshwa na mvua. Uoshe, uanike, kisha uuchekeche kwa chekecheke la unga. Kama maji uliyooshea yana ladha ya chumvi, tafuta mchanga mwingine. Maji ya kukorogea yawe ya bomba. Visima vyetu vingi vya karibu na bahari ni vya magadi, na chumvi utakayoikoroga mwenyewe ndiyo itakayokutokea juu baadaye.

Kwa tabaka la kwanza, la milimita moja na nusu, mimi hutumia kilo 10 za saruji, kilo 15 za mchanga uliochekechwa, lita 2 za SBR, na maji kati ya lita 2 na nusu na lita 3. Mkorogo huo unatoka kama lita 13 na nusu. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu ni rahisi hivyo. Nikichukulia sebule yako ni mita 4 kwa 5 na korido mita 6 kwa 1.2, ni mita za mraba 27. Mikorogo mitatu inatosha bila akiba yoyote, na kwa sababu palipozibwa patakula zaidi, andaa vifaa vya minne. Mfuko mmoja wa saruji na galoni mbili za lita 5 za SBR zitakutosha.

Usikoroge kilo 10 kwa mara moja. Kwa joto letu mkorogo unaanza kuwa mzito baada ya dakika 20 hivi, na hapo ndipo mafundi wengi wanaharibu: wanaongeza maji kidogo ulainike. Maji hayo yanaiondolea saruji nguvu na kuipa nyufa. Koroga nusu, kwa drili yenye fimbo ya kukorogea, mtie maji na SBR kwanza kwenye ndoo, unga baadaye. Mmoja anakoroga, mwingine anapaka, hakuna kusubiriana. Anzeni alfajiri baada ya sala, madirisha yakiwa yamefungwa na feni zimezimwa. Upepo unaoingia dirishani unakausha ukanda wa karibu kabla hujafika katikati ya chumba.

Usiku wa kuamkia siku hiyo lowesha sakafu vizuri. Asubuhi kausha kila dimbwi kwa kitambaa, sakafu iwe nyeusi kwa unyevu lakini isiwe na maji yanayong'aa. Kisha paka uji wa mshiko: SBR kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, saruji mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Usugue kwa brashi ngumu uingie kwenye vinyweleo. Paka eneo dogo tu linaloweza kufunikwa mara moja, kwa sababu uji huo ukikauka kabla ya tabaka kuwekwa juu yake, unageuka kutoka kuwa gundi na kuwa utando unaotenganisha. Ukitokea umekauka, ukwangue, upake upya. Hapa fundi mwenye haraka huniudhi kuliko mahali pengine popote.

Tabaka la kwanza livutwe kwa mwiko mpana wa chuma, na ndani yake mlaze wavu mwembamba wa faiba, ule unaovumilia saruji, ukiwa umefunikwa kabisa. Nasisitiza wavu kwenye sakafu za zamani kama yako. Si lazima kila mahali, lakini juu ya ufa uliozibwa na pembezoni mwa sehemu zilizobomolewa usiukose. Siku hiyo ya kwanza lifunikwe kwa nailoni lisikimbizwe na joto, kisha lifunuliwe lipate hewa. Usilimwagie maji wiki nzima kama zege: polima inahitaji kukauka ili ijenge utando wake.

Matabaka ya juu, mawili ya nusu milimita, ndiyo yatakayoonekana, na hapa nakushauri ununue unga uliotengenezwa tayari, ule wanaouita mikrosimenti au saruji ya mapambo. Mchanga wetu hata ukichekechwa una punje kubwa kwa unene huo, punje moja inaburuzwa na mwiko na kuacha mchirizi kama wa kucha. Utahitaji kilo 45 hivi kwa mita zako 27, ila fuata kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko wenyewe, na maji vilevile. Kati ya tabaka na tabaka piga msasa namba 80 kulainisha ncha, la mwisho namba 120. Wimbi la mwiko litaonekana, vivuli vya giza na mwanga, na huo ndio uzuri wake. Ukitaka rangi moja sawasawa kama ya marumaru, hii siyo sakafu yako.

Rangi, ikiwa utaongeza, iwe ya oksaidi ya chuma, ipimwe kwa mizani ya jikoni, si kwa kijiko wala kopo, na isizidi asilimia 10 ya uzito wa saruji. Kijivu unachokipenda huenda kisihitaji rangi yoyote.

Ikishakauka vizuri, kwa kawaida siku mbili tatu hewa ikiwa nzuri, inapakwa dawa ya kuilinda. Bila dawa, tone moja la mafuta ya kupikia au mchuzi wa ukwaju litabaki hapo daima. Akriliki ni rahisi na ya bei nafuu, lakini kwa familia inayokaa sebuleni utairudia kila mwaka au miwili. Poliurethani ya vifurushi viwili, inayochanganywa papo hapo, inadumu zaidi, na mimi ningekuombea uimudu hiyo. Epoksi ni ngumu ila hubadilika kuwa manjano palipo na jua, na sebule yako ina dirisha. Chagua siku kavu. Dawa nyingi zikipakwa hewa ikiwa imejaa unyevu hugeuka ukungu mweupe usioondoka. Viatu vya kwanza baada ya siku moja au mbili, kochi na kabati baada ya wiki, zikiwa na vitambaa chini ya miguu.

Yote haya, kuanzia kusaga mpaka dawa, ni kazi ya siku nane hadi kumi kwa eneo lako, nyingi kati ya hizo ni za kusubiri. Na kabla hujaanza, mwambie fundi wako akufanyie kipande cha mita moja nyuma ya mlango wa sebule, hatua zote bila kuruka. Kiache siku saba. Kisha mpe tindo ajaribu kukibandua. Kikitoka na ngozi ya sakafu ya zamani chini yake, mshiko umeshinda sakafu, endeleeni. Kikitoka safi kama kifuniko, hakuna hasara kubwa, mtajua nta bado ipo mkasage zaidi. Ukimlipa siku yake ya majaribio atakuwa na wewe mpaka mwisho, kwa sababu atakuwa anajifunza kazi mpya mkononi mwako, na vijana wa ujenzi hapa mjini wanaihitaji.

Uangalie pia milango. Milimita 3 si kitu, lakini mlango wa mbao uliovimba kwa masika hauna hata hizo. Ing'oeni na kuiranda mapema.

Sasa chumba cha nyuma. Usikipake chochote mwaka huu, hata polishi. Kisugue unga ule kwa brashi kavu, uufagie uutoe nje, usiuoshe kwa maji kwa sababu utaurudisha ndani. Usiku mmoja koki zote za nyumba zifungwe, mtu yeyote asitumie maji, mita ikisomwa jioni na alfajiri. Namba zikisogea na hakuna aliyetumia maji, kuna bomba linalovuja, mwite fundi bomba alitafute na kulitengeneza. Angalia pia saruji ya kuzunguka shimo la kutolea maji bafuni, mara nyingi ndiyo mlango wa yote. Kisha kiache chumba kipumue, mkeka tu juu yake, madirisha wazi. Mwezi wa tano, mvua zikiwa zimeshiba, weka nailoni mbili: moja chini ya ukuta wa bafu, nyingine ukuta wa upande wa pili. Ikilowa ile ya bafu peke yake, maji bado yanatoka bafuni. Zikilowa zote mbili, maji ni ya ardhini, na hapo itabidi sakafu hiyo ivunjwe, itandikwe nailoni nzito juu ya jamvi na kupandishwa ukutani, kisha ivutwe upya. Zikitoka kavu zote, niandikie tena.